Salama Tu

Swali la 14 kwenye dodoso letu lilikuwa fupi kuliko yote: "Do you feel safe at home?" Kazi yangu ilikuwa kulitafsiri, kisha kwenda nalo mitaani Temeke. Halikunichukua hata dakika moja. "Je, unajisikia salama nyumbani kwako?" Nikaendelea na swali la 15.

Siku ya pili ya kukusanya data, mama mmoja aliyekuwa akichambua dagaa mlangoni alinijibu kabla sijamaliza kusoma machaguo. "Salama tu, mwanangu. Na kwenu?" Nami nikajibu kwetu salama pia, nikaweka vema kwenye kisanduku cha "salama kabisa".

Nilikuwa nimefika barabarani ndipo nikatambua kwamba tulikuwa tumesalimiana tu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilichunguza hilo neno la Kiingereza. "Safe" ni sanduku la chuma la kuwekea fedha, ambalo sisi tumelichukua tukaliita sefu. Ni jimbo la uchaguzi ambalo chama hakiogopi kulipoteza. Vijana wa London hulisema kama sisi tunavyosema "poa", hata wanapoagana. Kwenye besiboli ni mchezaji aliyewahi kufika kabla ya mpira. Na neno lenyewe halikuambii nani analindwa na nani wa kuogopwa: ukisikia mbwa yuko "safe", huenda ameokolewa kwenye mafuriko, au huenda ni kwamba hang'ati. Salama yetu nayo ina kigeugeu hicho hicho. Mtoto salama hajadhuriwa. Maji salama hayatakudhuru wewe.

Waingereza angalau wana neno la pili, "security", ambalo mara nyingi huwekwa pale penye adui mwenye nia mbaya, wakati "safety" inabaki na ajali na mashine. Sisi tunavibeba vyote kwenye kapu moja: usalama barabarani, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, Usalama wa Taifa. Hili la mwisho lina kichekesho chake. Sema "yule ni mtu wa usalama" uone watu wanavyoshusha sauti. Kijana mmoja aliniuliza kama mimi ni mmoja wao, kwa vile nina kishikwambi na maswali mengi.

"Safe" asili yake ni Kilatini, salvus: mzima, asiye na jeraha. Salama imetujia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi unaobeba uzima na amani. Yanakaribiana. Lakini "security" inatoka kwenye securus, asiye na wasiwasi, na kukosa wasiwasi si sawa na kuwa mzima. Kwa miongo kadhaa utafiti wa uhalifu wa Uingereza na Wales umewauliza watu wanajisikia salama kiasi gani wakitembea peke yao eneo lao baada ya giza kuingia. Wanawake na wazee huonyesha hofu zaidi, ilhali vijana wa kiume ndio wanaoshambuliwa zaidi na watu wasiowajua. Wapo waliosema basi hofu ya wanawake haina msingi. Hoja hiyo ina shimo: swali linamtazama mgeni aliye barabarani, na madhara mengi yana ufunguo wa nyumba.

Nirudi kwa yule mama. Kabla sijaondoka aliniuliza, "Umemaliza kuandika?" Nikamwambia ndiyo, nikakifunga kishikwambi. Ndipo akanieleza kuhusu mwanawe, kwamba akilewa, yeye hulala kwa jirani. Aliyasema hayo mikono yake ikiendelea na dagaa. Nilimpa karatasi ya namba za msaada tuliyoagizwa kugawa. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Jibu lake ningeweza kulibadilisha. Fomu ilikuwa bado haijatumwa, na takwimu ingekuwa ya kweli zaidi. Lakini alisubiri nimalize kuandika. Alichoniambia alimwambia mtu aliyeketi naye mlangoni, na ridhaa aliyotia saini ilihusu yale mengine. Sidhani pia kwamba alinidanganya. Kwetu mtu husema "salama" kwanza, halafu ndiyo inakuja "ila mtoto anaumwa". Mtu akianza na ugonjwa tutashangaa amelelewa wapi. Dodoso letu lilikuwa na visanduku vitano na hakuna hata kimoja cha "ila".

Niliandika kupendekeza swali jingine: katika mwezi uliopita, kuna usiku ambao hukulala kwako kwa kumhofia mtu? Nikajibiwa kwamba maneno hayawezi kubadilishwa kwa sababu matokeo yatalinganishwa na ya nchi nyingine. Naelewa sababu hiyo, na bado inanikera. Maana mahali fulani kutakuwa na jedwali linaloonyesha jinsi wanawake wa mtaa ule wanavyojisikia salama, na sehemu ya asilimia hiyo ni adabu.

Jibu lake nililiacha kama lilivyo, na sina hakika kwamba nilifanya sawa. Nyumba zilizobaki nilisoma swali la 14, nikaandika nilichojibiwa, nikafunga kishikwambi, kisha nikakaa kidogo.