Ziwa Likifungwa, Nani Ajinyime?

Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, mtu akisimama kilimani mjini Kigoma na kutazama magharibi huona taa nyingi zimetanda juu ya Ziwa Tanganyika, hata akadhani kuna mji mwingine huko majini. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Mgeni humwita mwenzake aje kuona uzuri huo, wala hakosei, kwani ni uzuri kweli. Lakini penye kila taa wamo watu wanaovuta wavu kwa mikono iliyochoka, nao hawana nafasi ya kutazama. Ziwa ni lile lile na usiku ni ule ule. Basi yafaa tujiulize: ikiwa ni lazima watu wajinyime ili ziwa lisalimike, ni nani apaswaye kujinyima?

Swali hili si la mchezo. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hilo tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, kwa kufuata mapatano yake na Kongo, Burundi na Zambia. Sisi hatulaumu shauri hilo. Samaki hawajui mipaka. Avuliwaye Kigoma leo huenda alizaliwa upande wa Kongo. Tena wavuvi wenyewe wajua ya kuwa wamo kati yao wavutao makokoro kando kando, mahali samaki wazaliapo, kwa nyavu zenye macho madogo yasiyobakiza hata wachanga. Kosa ni kosa, hata likiwa la maskini.

Lakini itazameni miezi yenyewe. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi, majira ambayo wageni hupenda kuja Gombe na Mahale kuwaona sokwe. Hivyo wakati ule ule ambapo nyavu zimekunjwa, na akina mama hawana dagaa wa kuanika mchangani, ndipo mashua za wageni hupata shughuli. Hatusemi kwamba mgeni ni mwovu. Yeye naye huwekewa mpaka na kuutii kwa moyo: huko Mahale hakai na sokwe zaidi ya saa moja, na hufunika mdomo na pua asije akawaambukiza ugonjwa. Ila mpaka wake wamgharimu saa. Wa mvuvi wamgharimu miezi mitatu ya unga, mafuta na madaftari ya watoto.

Liko na jambo jingine, ambalo wengi hawalijui. Wageni huambiwa kwa fahari ya kuwa kina cha ziwa hili chafika mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi, na kwamba urefu wake wapata kilometa 670. Mtu asikiapo hesabu hizo hudhani ya kuwa humo mna utajiri usiokwisha. Sivyo. Chini ya mita 200 hivi maji hayana hewa ya kuwatosha samaki; karibu uhai wote umo katika tabaka la juu, jembamba kama utando wa maziwa juu ya chungu kirefu. Na tabaka hilo hulishwa na rutuba iliyozama vilindini, ambayo huinuka pepo za kusini zinapovuma wakati wa kiangazi na kuyachanganya maji. Siku hizi maji ya juu yamezidi kupata joto, na maji yenye joto, kwa kuwa ni mepesi, hayachanganyiki upesi na yale ya baridi yaliyo chini. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba kwa sababu hiyo chakula cha samaki kimepungua. Joto hilo latoka wapi? Si katika taa za wavuvi wa Kigoma. Latokana kwa sehemu kubwa na moshi wa viwanda, magari na ndege wa nchi tajiri, ambako wageni wetu wengi hutoka.

Hapo ndipo mizani inapolala upande mmoja. Mvuvi aambiwa kwamba yeye ndiye aliyewamaliza samaki, na kwa sehemu ni kweli. Lakini yule ambaye moshi wake umelipunguzia ziwa chakula haulizwi neno.

Wapo watakaojibu ya kuwa fedha za wageni hujenga taifa zima. Ni kweli, lakini fedha ya wote si lazima imfikie yule aliyeacha kazi yake kwa ajili ya wote. Sisi twaona ya kwamba katika miezi ile ya kufungwa, sehemu ya ada zitozwazo Gombe na Mahale ingestahili kupelekwa katika vijiji vya mwambao. Wala isiitwe msaada. Iitwe ujira, maana anayekunja wavu wake ili samaki wazae yumo kazini kama alivyo askari wa hifadhi. Naye mama anunuaye dagaa mwaloni na kuwakausha hana mashua wala leseni, na huenda jina lake halimo katika orodha yoyote. Watakapoanza kuhesabu, na waanze na yeye.