Mtu Aliye Ndani ya Kifaru

Katika jando la pili la Wakamba, lile lililoitwa nzaiko nene, vijana walikutanishwa na mnyama wa kutisha. John Mbiti, mwanateolojia aliyezaliwa Mulango huko Kitui, Kenya, mwaka 1931, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969. Mnyama huyo aliitwa mbavani, yaani kifaru. Mwili wake ulikuwa wa vijiti, na ndani yake alijificha mtu aliyenguruma kwa sauti ya kuogofya. Vijana hawakujua hasa kilichokuwa mbele yao. Walichotakiwa ni kusimama na kumlenga kwa upinde na mishale. Kila ninapolitafakari tukio hilo, fikra zangu huwaacha vijana na kuwaendea wazee. Watu wazima waliowapenda watoto wao walikaa chini, wakakata vijiti, wakavifunga, wakamchagua mmoja wao aingie ndani, ili watoto hao hao watishike. Waliitayarisha hofu kwa uangalifu uleule wa kutayarisha chakula cha sherehe. Hawakuwa wakatili, wala hawakuwa na upungufu wa mambo ya kufanya. Walikuwa wameamua kwamba mtu hawezi kuvuka kuingia utu uzima bila kumtazama mnyama usoni, na kwamba ni afadhali amtazame mara ya kwanza akiwa miongoni mwa watu wake.

Ninalileta suala hili kwa sababu ya filamu ambazo wazazi wengi, wakizikuta kwenye simu za watoto wao, huzizima papo hapo: hadithi za giza za watu wanaogeuka mbwa mwitu. Mwaka 1984 mwongozaji Neil Jordan alitoa The Company of Wolves, iliyotokana na maandishi ya Angela Carter. Ndani yake msichana anayekaribia kubalehe anaota kijiji kilichozungukwa na msitu, na bibi yake anamwonya ajihadhari na wanaume ambao nyusi zao zimekutana katikati. Mwaka 2000 Kanada ilitoa Ginger Snaps, kisa cha ndugu wawili wa kike. Mkubwa anang'atwa na mnyama usiku uleule anaoingia hedhi kwa mara ya kwanza, na tangu hapo hakuna anayeweza kutenganisha mabadiliko ya mwili wake na ya mnyama aliyemwingia. Ni filamu zenye damu, na si za watoto wadogo. Hata hivyo, ninaamini zimeshika jambo ambalo wazee wa Ukambani walilijua na ambalo sisi, kwa haya yetu na shughuli zetu, tumeliacha lianguke: kukua kunatisha, na anayekua anahitaji sura ya kuipa hofu hiyo.

Mbwa mwitu wa hadithi za Ulaya si mnyama wa Kitui wala Makueni, ni kweli. Nafasi yake huku ilishikwa na fisi, na zaidi ya fisi, na eimu, yule ambaye Waswahili humwita zimwi. Jina lenyewe Mbiti maana yake ni fisi kwa Kikamba. Mwaka 1966, kabla ya kile kitabu chake maarufu, Mbiti alichapisha mkusanyiko wa hadithi za Wakamba, mbano zile zilizosimuliwa jioni mbele ya moto. Katika hadithi za namna hiyo, zilizoenea kote Afrika Mashariki, msichana huolewa na kijana mzuri mgeni, akafuatana naye hadi kwake, na huko akagundua kwamba amemwandama zimwi. Majirani wa Wakamba, yaani Wakikuyu, husimulia kwamba zimwi huwa na kinywa cha pili kisogoni, kimefichwa na nywele. Fikiria uzito wa picha hiyo kwa msichana wa miaka kumi na minne. Haimwambii kwamba wanaume ni wabaya. Inamfundisha kwamba uso unaotabasamu unaweza kuwa na kinywa kingine upande asiouona, na kwamba ana haki ya kuzunguka nyuma akatazame.

Hapa ndipo hadithi ya giza inapoyashinda maonyo yetu ya mchana. Tunawaambia watoto wasizungumze na wasiowajua, wasipokee zawadi za wapita njia, wasipande pikipiki ya mtu mgeni. Maonyo hayo yana faida yake, lakini yanaelekeza macho ya mtoto barabarani huku hatari mara nyingi ikiwa imeketi sebuleni. Yeyote aliyefuatilia kesi zinazofikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 anajua ni mara ngapi mshtakiwa ni mjomba, jirani, mwalimu, au rafiki wa familia. Waswahili wana methali isemayo kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Naiheshimu, ila katika jambo hili siikubali. Zimwi likujualo ndilo linalojua mama anakwenda kisimani saa ngapi, na ndilo linaloaminiwa pale mtoto anapojaribu kusema. Hadithi za kugeuka zinalijua hilo. Katika hadithi maarufu ya Ulaya, mbwa mwitu hakumngoja yule msichana wa kofia nyekundu akiwa na manyoya yake wazi. Alilala kitandani mwa bibi, amevaa nguo za bibi. Ni hadithi chache zinazomfundisha mtoto kushuku sura anayoipenda, na kumpa ruhusa ya kusema kwamba meno haya si ya bibi yangu.

Wapo watakaosema kuwa hofu humdhuru mtoto, na wengine, hasa makanisani, watasema filamu hizi zinafungua mlango kwa mapepo. Wa kwanza wana hoja nzito kuhusu umri. Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya huzipanga filamu kwa umri, na mtoto wa darasa la tatu hana kazi na damu ya Ginger Snaps. Lakini mtoto anayenyimwa hadithi ya kutisha hanyimwi hofu. Anabaki nayo peke yake, bila jina. Kwa upande wa imani, Mbiti mwenyewe alikuwa kasisi wa Kianglikana, na hakuona aibu kuyaandika mazimwi ya kwao na kuyahifadhi. Alielewa kwamba kumsimulia mnyama si kumwabudu.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni la tatu. Hadithi hizi zimetumika kuwatia wasichana adabu: aliyewakataa vijana wa kijijini akapenda mgeni anaishia mdomoni mwa zimwi, na wasikilizaji wanatikisa vichwa wakisema alijitakia. Ni kweli, na ni doa. Lakini tuangalie doa hilo lilitoka wapi. Mfaransa Charles Perrault alipoichapisha hadithi ya kofia nyekundu mwaka 1697, alimfanya msichana aliwe, kisha akaongeza shairi la kuwaonya mabinti. Wakulima wa Ufaransa walikuwa na masimulizi yao, yaliyonakiliwa karne ya kumi na tisa, ambamo mnyama ni mtu anayegeuka mbwa mwitu hasa, na msichana haliwi. Anadai kwamba amebanwa na haja, anafungwa kamba mguuni ili atoke nje, anaihamishia kamba kwenye mti wa plamu, na anakimbia. Hakuna mwindaji aliyekuja kumwokoa. Hadithi ya giza haimlazimishi msimulizi amlaumu msichana. Huo ni uamuzi wake, na anaweza kuuacha. Kuna simulizi nyingi za Kiafrika vilevile ambamo msichana, au mdogo wake ambaye hakuna aliyemthamini, anamshinda zimwi kwa akili.

Na isidhaniwe kwamba nataka nzaiko irudi kama ilivyokuwa. Wasichana wa Ukambani nao walikatwa, na sheria ya mwaka 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji ilifanya sawa kabisa kuliita jambo hilo kosa la jinai. Ila wembe ulipoondolewa, kama ilivyostahili, mara nyingi tuliondoa pia moto, hadithi, vitendawili, na wale watu wazima waliokaa na vijana kwa siku kadhaa wakiongea nao juu ya miili yao. Mahali pao tumeweka mtihani wa kidato cha nne na simu yenye bando. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na viongozi wa Ukambani wakaanza kubishana juu ya mimba za wasichana, malumbano yalikuwa juu ya takwimu. Nani alikuwa ameketi na wasichana hao usiku, akawaeleza jinsi zimwi linavyovaa, hilo halikuulizwa kwa sauti kubwa.

Filamu ya kigeni inaweza kuleta mnyama, lakini haiwezi kuleta mzee aliye ndani ya vijiti. Vijana wa nzaiko walingurumiwa na mmoja wa wazee wao, mtu aliyewajua kwa majina, na nadhani baada ya miaka michache baadhi yao ndio waliofunga vijiti kwa ajili ya wadogo zao. Ndiyo maana ningependa kuona shule za Kitui na Makueni zikipeleka eimu kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na filamu, tena kwa Kikamba. Mandhari ipo tayari: karibu na mji wa Kitui umesimama mwamba wa Nzambani, ambao watu husema ukiuzunguka mara saba unageuka kutoka mwanamume kuwa mwanamke, au kinyume chake. Nchi yenye mwamba kama huo haihitaji kuazima mwezi mpevu wa hadithi za Ulaya ili izungumze juu ya mwili unaobadilika. Inahitaji msichana wa sekondari wa kuandika hadithi, simu ya kurekodia, na mwalimu au shangazi atakayekubali kuvaa vijiti, angurume vizuri, halafu abaki hapo picha ikishakwisha, ajibu maswali.