Chupa Nzuri na Chupa Njema

Mwaka jana dada yangu alipoolewa hapa Kigali, kamati ya harusi ilinipa kazi ambayo wengine waliiona nyepesi: kununua shampeni. Walisema mimi ndiye niliye chuo kikuu, basi sitashindwa kusoma maandishi ya Kifaransa kwenye chupa. Baba alinikabidhi bahasha akaniambia, "Tafuta iliyo nzuri, mwanangu. Usituaibishe." Wakati ule nilidhani amesema jambo moja mara mbili. Sasa naona alinituma kazi mbili, na kwamba mtu anaweza kuitimiza ya pili kwa kuitupa ya kwanza.

Swali ninalotaka kulijadili ni hili: anayenunua kinywaji cha heshima kwa ajili ya siku kubwa anawajibika kwa lipi hasa? Kwa ladha, kwa bei, au kwa jina linalotamkwa mbele ya wageni? Huenda msomaji akaona ni swali la watu wenye pesa za kuchezea. Lakini sisi hatukuwa nazo, na ndiyo maana swali lilinibana.

Nilianza kwa kujifunza, maana sikuwahi kuonja kinywaji chenyewe. Nilijifunza kwamba Champagne ni jina la mahali kabla halijawa jina la kinywaji. Ni jimbo la kaskazini mashariki mwa Ufaransa, kuzunguka miji ya Reims na Épernay, na kwa sheria za huko mvinyo wa povu uliotengenezwa nje ya mipaka yake hauruhusiwi kuitwa hivyo hata ukiwa mtamu kiasi gani. Povu lake halitiwi kwa mashine kama la soda. Mvinyo hutiwa hamira na sukari kidogo, hufungwa ndani ya chupa, huchachuka mara ya pili humo humo, na gesi hukosa pa kutokea. Kisha hulazwa. Ile isiyoandikwa mwaka hukaa pishini si chini ya miezi 15 kabla ya kuuzwa, na iliyoandikwa mwaka wa mavuno si chini ya miaka mitatu. Kwa hiyo sehemu ya bei ni ya muda: mtu ameilaza mali yake gizani akingoja.

Nilijifunza pia kusoma lebo, na hapo nilifurahi kama mtu aliyepewa ufunguo. Neno Brut lina maana kwamba sukari haifiki gramu 12 katika lita. Extra Dry, ambalo jina lake linatisha kwa ukavu, kwa kweli ni tamu kuliko Brut. Demi-Sec ina gramu 32 hadi 50, na hiyo ndiyo ya kunywewa na keki, kwa sababu Brut ikikutana na keki ya harusi hugeuka kuwa kali mdomoni kama ndimu. Wengi hununua Brut kwa kuwa ndiyo iliyojaa madukani, wakaikatia keki, kisha wakasema shampeni ni kinywaji kibaya. Nilijifunza kutochukua chupa iliyosimama dirishani mwa duka, maana mwanga huiharibu, na kuipoza hadi nyuzi 8 au 10 badala ya kuigandisha. Chupa moja ya kawaida hutoa glasi sita.

Glasi sita! Sisi tulikuwa na wageni mia tatu.

Dukani muuzaji aliniwekea chupa mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa shampeni ya kweli. Ya pili ilikuwa mvinyo wa povu kutoka Italia, mtamu, wenye kizibo kile kile cha waya na karatasi ile ile ya dhahabu shingoni. Pesa ya bahasha ilitosha moja ya kwanza, au nne za pili na chenji ya kurudisha. Muuzaji alitabasamu. "Rafiki yangu, pale ukumbini nani atajua? Watasikia mlio tu." Nikachukua nne.

Alikuwa sahihi kuhusu mlio. Mshehereshaji aliitikisa chupa ya kwanza kama mkimbiza baiskeli aliyeshinda, akatangaza, "Na sasa, shampeni!" na nusu yake ikaishia kwenye zulia. Watu walipiga vigelegele. Meza kuu ilijaziwa glasi, bibi yangu akaonja akasema ni tamu, mambo yakaenda. Ndipo mjomba wangu, kaka wa mama, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, akaniita kwa kidole. Alikuwa ameshika glasi juu kidogo akiitazama dhidi ya taa. "Hii ni ya Ufaransa?" akauliza. Nikajibu, "Ndiyo, Mjomba."

Nimejitetea mara nyingi moyoni tangu siku ile. Utetezi wangu wa kwanza ni kwamba hakuna aliyedhurika. Dada alifurahi, wageni walifurahi, na baba alirudishiwa chenji iliyolipia usafiri wa shangazi zangu hadi Huye. Ulimi wa mtu asiyewahi kunywa shampeni hauwezi kuikosa. Utetezi wa pili una nguvu zaidi: kwetu neno shampeni ni jina la tendo kuliko jina la kinywaji. Tunaposema "wanafungua shampeni" tunamaanisha kizibo kinaruka, watu wanasimama, picha zinapigwa. Nimehudhuria ubatizo ambako "shampeni" ilikuwa juisi ya zabibu yenye gesi, na hakuna aliyeita polisi. Kama maana ya neno ni jinsi wasemaji wanavyolitumia, basi mshehereshaji hakusema uongo, na mimi niliyemnyamazia sikusema pia.

Utetezi huu naukubali nusu. Naukubali kwa mshehereshaji. Siukubali kwa jibu nililompa mjomba, kwa sababu mjomba hakuuliza kama hii ni shampeni. Aliuliza imetoka wapi. Neno linaweza kupanuka likafunika chupa zote zenye povu duniani, lakini Italia haipanuki ikawa Ufaransa. Aliyeuliza alitaka kujua, alikuwa na haki ya kujua, na aliniuliza mimi kwa kuwa ndiye niliyetumwa.

Mwenzangu mmoja darasani aliniambia kwamba ninawalilia matajiri wa Ufaransa wanaolinda jina lao ili waendelee kuuza ghali. Hata mimi niliwaza hivyo, mpaka nikasoma habari za mwaka 1911. Mavuno ya mwaka uliotangulia yalikuwa yameharibika vibaya, na wakulima wa bonde la Marne waliwashuku wafanyabiashara wakubwa kuwa wananunua mvinyo wa bei rahisi kutoka majimbo mengine, wanautia povu na kuuuza kwa jina la Champagne. Januari wakulima walivamia maghala huko Damery na Hautvillers wakamwaga mvinyo. Aprili, katika mji wa Aÿ, majengo ya wafanyabiashara yalichomwa moto, na serikali ikapeleka askari. Waliolipigania jina lisisemwe uongo walikuwa wakulima wenye madeni na mashamba madogo. Jina lilikuwa ndiyo mali pekee waliyobakiwa nayo, na kila chupa ya uongo iliwapunguzia mkate. Sisemi kwamba jibu langu kwa mjomba lilimnyang'anya mkulima wa Aÿ chochote. Ninasema kwamba jina juu ya chupa si pambo, kuna watu nyuma yake.

Lakini sababu iliyonigusa zaidi haikutoka Ufaransa. Wazee wetu waliponywa pombe ya mtama au ya ndizi, mwenye nyumba alionja kwanza kabla ya kuwapa wageni. Kwa Kinyarwanda kitendo hicho huitwa gusogongera. Watu husema ilikuwa kuthibitisha kwamba hamna sumu, na labda ndivyo. Mimi naona ndani yake kitu kingine pia: mwenyeji alikuwa anasema, bila maneno, "Ninajua kilichomo humu, na ninakijibia." Baada ya hapo chungu kimoja, mirija mingi, na mdomo wa mzee ulivuta kutoka mahali pamoja na wa kijana. Lebo ya chupa inajaribu kufanya kazi ya yule mwenyeji kwa watu wasioonana. Siku ya harusi ile mimi ndiye niliyeonja kwa niaba ya ukoo. Nilikijua kilichomo, nikakijibia kwa uongo.

Na tukiwa kwenye chungu, niseme jambo ambalo kamati hazipendi kulisikia. Shampeni yetu ilifika meza kuu tu. Wageni waliobaki, zaidi ya mia mbili na themanini, waliitazama kama wanavyotazama televisheni, huku wakinywa Fanta. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, anasifu tabia ya mtu anayejua kutumia mali kwa ukubwa unaolingana na tukio, na anamcheka yule anayeandaa karamu ya kawaida ya marafiki kana kwamba ni harusi. Hapo nakubaliana naye. Lakini anasema pia kwamba maskini hawezi kuwa na sifa hiyo, kwa kuwa hana cha kutumia. Hapo nakataa. Baba yangu angeweza kuwa nayo siku ile kwa chungu kikubwa kimoja cha pombe ya ndizi na mirija ya kutosha. Tungetumia kidogo, na kingefika hadi mstari wa mwisho wa viti. Nani aliyetuambia heshima ya bibi harusi lazima iwe na waya kwenye kizibo? Sikumbuki kamati ikilijadili swali hilo hata dakika moja. Tulijadili rangi ya vitambaa vya viti kwa jioni mbili.

Je, ningenunua ile ya kweli, ningekuwa nimefanya vizuri? Kiswahili chetu kina maneno mawili hapa, na nashukuru kuwa nayo. Chupa nzuri ni ile inayopendeza jicho na ulimi. Chupa njema ni jambo jingine. Methali inasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini sidhani kama aliyeitunga aliwahi kusimama mbele ya rafu ya vinywaji, ambako vyote vinajitembeza. Zabibu za Champagne huchumwa kwa mikono, ndiyo kanuni, na kila Septemba wachumaji zaidi ya laki moja huhitajika kwa majuma machache. Mwaka 2023, katika kijiji cha Nesle-le-Repons, wakaguzi walikuta wachumaji zaidi ya hamsini, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, wamelazwa katika nyumba chafu isiyofaa kukaliwa na watu. Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia hatiani watu watatu kwa usafirishaji haramu wa binadamu. Hakuna lebo inayoandika hayo. Itakuambia gramu za sukari. Itakuambia kwa herufi mbili ndogo kama mtengenezaji amelima zabibu zake mwenyewe, RM, au amenunua za wengine, NM. Kuhusu aliyezichuma na mahali alipolala, iko kimya.

Kwa hiyo ningeweza kumwambia mjomba "Ndiyo" ya kweli kabisa huku nimeshika chupa isiyo njema. Je, mnunuzi wa Kigali anawajibika kwa hilo? Mwenzangu yule yule anasema hapana, kwa sababu hana njia ya kujua. Mimi nadhani anawajibika kuuliza, na anayeuliza asipojibiwa anabaki na hiari ya kutonunua. Kunyimwa shampeni si kunyimwa maji. Hiki ni kinywaji ambacho binadamu anaweza kukikosa maisha yake yote na asipungukiwe na kitu, na ndiyo maana nakitoza maswali makali kuliko ninavyoutoza unga au mafuta ya kupikia. Najua hoja hii ina tundu: nikiikaza sana itanivua na viatu nilivyovaa. Sijapata namna ya kuliziba.

Ningefanya nini leo nikipewa bahasha ile ile? Ningerudi kwa baba kabla ya kwenda dukani. Ningemwambia pesa hii inanunua chupa moja ya kweli kwa wazee sita, au nne za jina jingine na tuziite kwa jina hilo, au chungu. Naye angechagua. Nilimnyima nafasi hiyo, na hilo pia nimelitambua baadaye.

Mwezi wa pili baada ya harusi nilikwenda kumsalimu mjomba. Sebuleni mwake, juu ya kabati la vitabu, ilisimama moja ya zile chupa nne, tupu, imetiwa maua ya plastiki. Lebo ilikuwa imegeuzwa ukutani. Chupa ya duara huweza kugeuka hivyo mtu anapoifuta vumbi. Huweza pia kugeuzwa. Mjomba anasoma Kifaransa, na Kiitaliano cha lebo hakimpi taabu mtu anayesoma Kifaransa.

Aliniuliza kuhusu masomo. Nikamjibu. Mke wake alileta chai na chapati. Nilipoona ameitazama ile kabati nikasema, "Mjomba, ile chupa ya harusi…"

"Kunywa chai, mwanangu," akasema. "Inapoa."