Manoa Alipoitwa na Mkewe

Wiki ya mwisho ya Majilio, masomo ya Misa yamejaa wanawake waliokosa mtoto. Tarehe 19 Desemba tunasikia habari za mke wa Manoa na za Elisabeti. Tarehe 22 anakuja Hana akimleta Samweli nyumbani mwa Bwana. Kipindi hichohicho, huku kwetu Nachingwea na Ruangwa, minada ya korosho ya chama cha ushirika cha RUNALI imeshapita kadhaa, malipo yameanza kuingia, na mama anayetafuta mtoto, aliyengoja mwaka mzima, anapata nauli na hela ya vipimo. Wa Nachingwea anapitia Masasi, wa Ruangwa anatokea Nanganga, wote wanaelekea hospitali ya Ndanda au Nyangao. Nyumbani ameaga kwamba anakwenda kumwona mgonjwa.

Elisabeti naye alijificha miezi mitano. Luka haelezi kwa nini, ila anatuambia mama huyo alimshukuru Mungu kwa kumwondolea aibu mbele ya watu. Kwa hiyo watu walikuwepo, na walikuwa wanasema. Kwetu pia wanasema. Mwanamke akigonga miaka 40 hana mtoto, ataambiwa ana jini mahaba, ana chango, alitoa mimba ujanani, au kuna ndugu aliyemfunga kizazi. Kwa Wamwera, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mzigo unakuwa mzito zaidi, maana mtoto wa mwanamke ndiye anayeuendeleza ukoo. Hata hivyo mila hiyohiyo inawafanya watoto wa dada yake kuwa watoto wake, nao humwita mama bila kusita. Natamani tungeushika upande huo wa mila kwa nguvu kuliko ule wa masimango.

Mama mmoja wa miaka 43 alinifungulia bahasha yake ya kaki. Mlikuwa na picha za utrasaundi, majibu ya damu, daftari la kliniki lililochakaa pembeni, na chini kabisa kichupa cha dawa ya kusafisha kizazi aliyouziwa stendi. Kila karatasi ilikuwa na jina lake. Ya mumewe haikuwepo hata moja.

Ndipo nikamkumbuka Manoa. Kuna sehemu ya habari yake ambayo siku ile kwenye Misa inarukwa, si kwa ubaya, ni kwa ajili ya ufupi tu, lakini inafaa mwende kuisoma nyumbani, Waamuzi sura ya 13. Malaika anamtokea mwanamke. Mume anaposimuliwa, anaomba mjumbe yule arudi. Anarudi kweli, lakini anamwendea tena mwanamke, shambani, mume hayupo. Mama yule anakimbia kwenda kumwita, na Manoa anakuja, anauliza maswali, anataka kujua mtoto atalelewaje. Wanaume wangapi wa parokia yetu wameitwa hivyo wakaja?

Madaktari wanatueleza kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mwanamume ana sehemu yake, peke yake au pamoja na mkewe. Kupima mbegu ni kipimo cha gharama ndogo kuliko vingi anavyofanyiwa mama, na hakiumi. Aliyewahi kuzaa zamani naye apimwe, kwa sababu maambukizi na umri humbadilisha hata mwanamume. Elkana, mume wa Hana, angalau alikuwa na watoto kwa mke wake mwingine, Penina. Wengi wetu hatuna hata ushahidi huo, na bado tunamwachia mke bahasha nzima.

Kwa mama mwenye umri mkubwa, muda una maana yake. Msichana huzaliwa na mayai yake yote, milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo yamebaki kama laki 3 au 4, na kuanzia miaka 35 hivi yanapungua kwa kasi na ubora wake unashuka. Ndiyo maana aliyepita 35 anashauriwa aende hospitali baada ya miezi 6 ya kujaribu, asingoje mwaka mzima kama mwenye umri mdogo, na aliyepita 40 asingoje kabisa. Mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani, mayoma, homoni zisizokaa sawa: haya yana vipimo, na mengine yana tiba. Akishika mimba, afuatiliwe kwa karibu, kwa sababu presha na kisukari cha mimba humpata zaidi mwenye umri huo, na mimba nyingi zaidi huharibika. Kumwambia asali tu, asiende, ni kumwibia miezi ambayo hataipata tena. Anayekwenda kwa daktari hajapungukiwa imani.

Lipo swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini, kuhusu kupandikiza mimba, huduma inayopatikana Dar es Salaam kwa mamilioni ya shilingi. Kanisa Katoliki, katika Donum Vitae ya 1987 na Dignitas Personae ya 2008, linapokea tiba inayolisaidia tendo la ndoa: kutibu maambukizi, kuzibua mirija, kutoa mayoma, dawa za kupevusha yai. Kutungisha mimba maabara linakukataa, na miongoni mwa sababu ni kwamba viinitete vingi hutupwa au hugandishwa. Nafundisha hivyo na naamini hivyo. Lakini mtoto aliyezaliwa kwa njia hiyo ni mtoto wa Mungu, hana upungufu wowote. Aletwe abatizwe, na asiwepo wa kumnong'ona.

Novemba 2023, Kampala, mama wa miaka 70 alijifungua mapacha kwa upandikizaji. Wengi walicheka umri wake. Mimi nilisimama kwenye maneno yake mwenyewe: kwamba alilea watoto wa wengine, wakakua, wakaondoka, akawa anajiuliza nani atamtunza uzeeni. Swali hilo halijibiwi na maabara peke yake. Linatuhusu sisi, watoto wa dada za mama asiye na mtoto na jumuiya yake, wenye miguu ya kumfikia akiwa mgonjwa na mikono ya kumpalilia mikorosho yake.

Krismasi ikishapita, kila Jumamosi mchana nitakuwa ofisi ya parokia kwa ajili ya wanandoa wenye shida hii. Njooni wawili. Mama atakayekuja peke yake nitampokea, nitasoma naye majibu yake, na akiniruhusu nitakwenda mwenyewe kumwona mumewe, nyumbani au shambani.