Tusimdharau Nyungunyungu

Mvua ikisha kunyesha twawaona watoto wetu wakimmwagia nyungunyungu chumvi, wakicheka kumwona akijipinda. Nasi twapita kimya. Je, tumewaambia kuwa kiumbe yule hana macho wala mapafu, hupumua kwa ngozi yake yenye unyevu, na chumvi humkausha hata afe? Mungu hakumwumba bure. Hula majani yaliyooza, na kinyesi chake hurutubisha shamba. Vishimo vyake hupitisha maji na hewa penye mizizi ya mihindi yetu. Mtaalamu Charles Darwin wa Uingereza aliwafuga nyungunyungu vyunguni nyumbani mwake, akaandika kitabu kizima juu yao mwaka 1881. Jioni ya leo tuchukue jembe, tuchimbue bustanini pamoja na wanetu, tuwaonyeshe, kisha tumfunike tena taratibu.