Nani Mwizi wa Usingizi?

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo tumeifundisha miaka mingi, tukaitungia maswali ya mtihani, na aghalabu tukasahau kujiuliza sisi wenyewe. Niliikumbuka katika mkutano wa wazazi hapa Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura, pale mama mmoja aliposimama na kuuliza: "Mwalimu, ule mnara wa simu hautawaharibu watoto wetu bongo? Mwanangu halali usiku, na mchana hakumbuki alichosoma."

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu la haki. Mionzi ya simu ni mawimbi ya redio. Haina nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu kama ifanyavyo mionzi ya eksirei; athari yake inayojulikana vyema mwilini ni kutia joto kidogo. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi hayo katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, ingawa ushahidi wenyewe ulikuwa haba. Mwaka 2024 mapitio makubwa ya tafiti, yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, hayakuona uhusiano kati ya kutumia simu na saratani ya ubongo. Kuhusu usingizi, majaribio ya Chuo Kikuu cha Zurich yalionyesha kwamba mawimbi hayo yaweza kubadili kidogo mwenendo wa umeme katika ubongo wa mtu aliyelala. Lakini haikuthibitika kwamba usingizi wenyewe huharibika, wala kwamba akili hupungua. Tena nguvu ya mawimbi hufifia upesi kadiri yanavyosafiri. Kwa hiyo mengi yanayotufika kichwani hayatoki mnarani, bali katika simu tuliyoiweka sikioni.

Je, mama yule alikosea? La hasha. Mwanawe kweli halali. Ila mwizi alikuwa akitafutwa barabarani, ilhali yumo chumbani. Mwaka 2015 wataalamu wa Boston walichapisha jaribio walilowafanyia watu 12. Watu hao waliposoma jioni kwa chombo chenye mwanga, walichelewa kupata usingizi, na asubuhi hawakuwa wachangamfu kama walivyokuwa baada ya kusoma kitabu cha karatasi. Mwanga ule huupunguza mwilini utomvu uitwao melatonini, unaoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Juu ya mwanga kuna gumzo, picha, na hofu ya kupitwa. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na ni usingizini ambamo ubongo huyaimarisha yaliyosomwa mchana.

Nilimjibu mama hivyo, nikataka kuketi. Mwanawe, aliyekuwa kando yake, akasema kwa adabu: "Samahani, Mwalimu. Kazi ya nyumbani unaituma katika kundi la darasa saa nne usiku. Nikilala mapema nitaikosa." Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka.

Hapo ndipo penye swali la maadili. Hofu ya jambo lisiloonekana ina raha yake, kwani hutupunguzia wajibu. Mnara una mwenyewe, nasi twaweza kumlaumu bila kubadili lolote nyumbani mwetu. Sisemi tuache kuhoji: wenye minara wanapaswa kukubali mawimbi yao yapimwe na wakaazi waelezwe matokeo. Lakini wajibu wa mtu huanzia pale mkono wake unapofika, na mkono wangu ulifika kila usiku mtoni mwa mtoto yule.

Wapo watakaosema kwamba simu si anasa. Ni kweli. Mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia majumbani, nani angemshauri jirani azime simu yake usiku? Lakini kwa kuwa twaijua thamani ya wito wa dharura, hatuna haki ya kuufanya kila ujumbe kuwa dharura. Mwalimu anayetuma kazi usiku hamwamrishi mtoto kukesha. Anamwachia tu achague kati ya usingizi na utii. Chaguo la namna hiyo si la kumpa mtoto.

Tangu siku ile kazi ya nyumbani naiandika ubaoni kabla ya kengele ya mwisho. Mama yule naye ameniarifu kwamba simu zote za nyumba yake sasa hulala sebuleni, yake ikiwa ya kwanza. Mnara ungali pale pale, nasi tungali na haki ya kuuhoji. Ila, walimu wenzangu, mwanafunzi anaposinzia mbele yetu, kabla ya kumkaripia tujiulize kwanza: jana usiku, ni nani aliyemwamsha?