Kitambaa Nilichokificha

Jumamosi moja, katika mjadala wa kikundi chetu cha vijana hapa Nakivale, kijana mmoja alisimama akasema, "Ua la uzi haliliwi." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Swali la siku ile lilikuwa hili: je, familia iliyopunguziwa chakula inafanya vizuri kutumia pesa na muda kupamba nyumba? Mimi ndiye niliyeongoza mjadala, na kiongozi hachagui upande, lakini moyoni nilikuwa upande wake. Leo nataka kulijibu tena swali lile. Tangu siku ile limenifuata mpaka nyumbani, na nimefanya jambo ambalo bado linanisumbua.

Nianze na mama mdogo.

Mama mdogo anaishi Rwamwanja, wilaya ya Kamwenge. Sisi tuko huku Isingiro. Wote tulitoka Rutshuru, tukavuka Bunagana, lakini si siku moja na si gari moja, kwa hiyo kila upande ukapelekwa kwake. Kwa miaka sita mama na mdogo wake walikuwa wanaonana kwenye simu tu, tena simu ya jirani. Likizo iliyopita mama mdogo akapata nauli, akaja kukaa kwetu siku kumi na mbili na binti zake wawili.

Kwetu mgeni wa namna hiyo haji mikono mitupu. Kule wana kashamba, nikategemea mahindi, au hata bakuli la maharagwe. Mama akafungua mfuko mbele yetu. Ndani mlikuwa na shuka jeupe lililokatwa vipande vinne, na nyuzi za rangi zilizozungushiwa kwenye karatasi ngumu: nyekundu, kijani, njano, zambarau. Unga hakuna. Maharagwe hakuna.

Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa wiki ile ilikuwaje. Wasio wa hapa wajue tu kwamba mwaka 2023 sisi wakimbizi wa Uganda tuligawanywa makundi matatu katika msaada wa chakula: walioonekana wana shida zaidi walipata zaidi, wa katikati walipata kidogo, na waliohesabiwa kwamba wanajiweza hawakupata. Sisi tulikuwa wa katikati. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, jioni, ili watoto walale.

Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Mama mdogo akanifuata.

"Uko na hasira juu ya uzi?" akaniuliza.

Nikanyamaza. Mkubwa hajibiwi hovyo.

"Ningeleta unga, ungeisha kesho kutwa," akasema. "Nilitaka kuleta kitu cha kufanya pamoja na dada yangu."

Jibu lile halikunitosha. Nikajisemea, mwenye njaa hahitaji kitu cha kufanya, anahitaji kitu cha kula.

Kesho yake kazi ikaanza. Asubuhi tulienda shambani na kuchota maji kama kawaida. Kuanzia saa tisa, jua likipungua, tulikaa chini ya ukuta wenye kivuli. Fremu ya dukani hatukuwa nayo. Mama mdogo alikata ukingo wa ndoo mbili za plastiki zilizopasuka, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwingine, akakibana kitambaa katikati mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma. Maua aliyachora kwa kalamu ya wino, kwa kichwa chake, bila kuangalia popote. Binti zake walishona majani. Mimi nilipewa matawi, mshono wa mnyororo, kwa sababu ndio rahisi.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka kumi na minne, na siku mbili za kwanza alitucheka. Siku ya tatu akasema herufi zetu ni mbaya, acha yeye aandike. Akaandika KARIBU MGENI kwa herufi kubwa nzuri, lakini hakupima. Alipofika mwisho nafasi ilikuwa imekwisha, na ile I ya mwisho ikabanwa kwenye pindo kama abiria wa nne kwenye boda. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Tukaishona hivyo hivyo.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni mama yangu. Miaka mingi nimemsikia akizungumza karatasi tu: karatasi ya familia, karatasi ya hospitali, orodha, foleni, nani ameitwa na nani hajaitwa. Sikujua kama anajua kudarizi. Alichukua sindano, akaweka uzi mara moja bila kulamba, na mkono ukaanza kwenda wenyewe. Ndipo akasimulia. Kumbe kabla ya kuolewa alishona mashuka mawili na foronya nne, akaziweka kwenye sanduku la bati, na sanduku lile lilibaki siku tulipokimbia. Yeye na mdogo wake wakaanza kubishana kama maua ya foronya yalikuwa mekundu au ya machungwa. Wakabishana siku mbili. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akibishana juu ya kitu kisichokuwa shida.

Alikuwa anageuza kila kipande chetu na kuangalia nyuma. Akikuta fundo, anatuambia tufumue. "Fundo linamkwaruza mtu akilalia," alisema. "Mgeni hatajua nani alishona. Atajua tu kama amelala vizuri."

Sitaki kumdanganya mtu: njaa haikuondoka. Usiku wa nne binti mdogo wa mama mdogo alilia tumbo, na lile ua lililokuwa mapajani mwangu halikumsaidia kitu. Kijana wa mjadala alisema kweli. Anayesema furaha inashibisha, amekula. Kwa hiyo sitetei kudarizi kwa kusema kunaondoa njaa. Nasema tu kwamba siku zile kumi na mbili tulikuwa na njaa na tulikuwa watu wa nyumba moja. Siku nyingine nyingi tulikuwa na njaa tu.

Mama mdogo akarudi Rwamwanja. Alituachia vipande viwili, akaondoka na viwili. Mama akapigilia KARIBU MGENI kwenye ukuta wa udongo, juu ya kiti cha plastiki ambacho wageni wanakalia.

Sasa nafika kwenye jambo langu.

Wiki chache baadaye habari zikazunguka kijijini kwamba watu wa kuhesabu wanapita nyumba kwa nyumba kuangalia hali ya kila familia. Jirani yetu, mama mtu mzima ambaye namheshimu, akaingia kwetu, akaangalia ukuta akashika kichwa. "Mtoto, toa hicho kitu. Wakikiona watasema mnajiweza." Akaniambia kwake ameshaficha hata sahani za maua.

Mama hakuwepo. Nilisimama kidogo tu, kisha nikapanda kwenye kiti, nikang'oa misumari, nikakunja kitambaa, nikakisukuma ndani ya gunia chini ya kitanda. Wageni wakaja. Walikuwa vijana wa umri wangu, wenye adabu, wamechoka. Waliuliza, nikajibu, wakaandika, wakaondoka. Yaani kitambaa kinachosema karibu mgeni nilikificha kwa sababu mgeni anakuja.

Jioni mama aliangalia ukuta, akaona matundu ya misumari. Nilimweleza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi hata dada yangu tunamficha," akaenda kuwasha moto.

Je, nilisema uongo? Nimejiuliza sana. Mdomo wangu haukusema neno la uongo hata moja. Niliulizwa tunakula mara ngapi, nikajibu mara moja, na ni kweli. Niliulizwa tuna mifugo, nikajibu hatuna, na hatuna. Lakini uongo hauko mdomoni peke yake. Mtu anaweza kupanga chumba ili mwingine aamini jambo fulani. Kama ningeficha mbuzi, ningekuwa mwizi, maana chakula ni kile kile kimoja: nikijiongezea kwa hila, kuna mjane nyuma ya nyumba yangu anayepunguziwa. Hilo naliamini, na ndugu zangu wakimbizi tuambiane ukweli, wako wanaolifanya.

Ila kitambaa si mbuzi. Ukikipima, kina thamani gani? Uzi wa zawadi, shuka la zamani, ndoo mbovu, na saa nyingi za mikono. Saa ndizo tunazo. Maskini ananyimwa pesa, ananyimwa ardhi ya kutosha, ananyimwa kazi. Mikono na jioni anabaki nazo. Kwa hiyo sikuficha mali. Nilificha alama kwamba tunapenda nyumba yetu. Na hapa ndipo kosa langu lilipo kwa maoni yangu: nilikubali kwamba mtu mwenye shida ya kweli lazima awe na ukuta mtupu. Hakuna mfanyakazi aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, jirani akanisaidia.

Fikiria Wakuba, wa kule kwetu Kongo, upande wa Kasai. Wanaume wanafuma kitambaa cha nyuzi za rafia, wanawake wanakidarizi mpaka kinakuwa laini kama mahameli. Vitambaa vizuri vya namna hiyo huzikwa na wafu. Kazi ya miezi inaingia kaburini, na hakuna anayelipa. Fikiria pia Wapalestina, ambao wako wanaoishi kambini tangu 1948. Wanawake wao wamezidi kudarizi magauni yenye michoro ya vijiji walivyotoka, na mwaka 2021 UNESCO iliingiza kazi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sidhani kama kuna mtu anayeangalia gauni lile na kusema, kumbe hawa si wakimbizi.

Najua jibu jingine ambalo sisi wafanyakazi wa vijana tunapenda kulitoa: basi uzeni! Nami nimelitoa mara nyingi. Kikundi chetu kinashona vitambaa vya meza, tunaviuza, tunaandika kwenye ripoti vimeuzwa vingapi. Ni kazi nzuri na nitaendelea nayo. Lakini kama kila kizuri tunachokitengeneza lazima kitoke nje ya nyumba ndipo kiwe na maana, basi sisi ni kiwanda, si familia. Kwenye fomu ya ripoti hakuna mstari wa kuandika kwamba mama yangu alibishana na mdogo wake siku mbili juu ya rangi ya foronya. Siombi mstari huo uwekwe. Ukiwekwa, tutaanza kuuhesabu nao. Naomba tu tusifikiri kwamba kisicho na mstari hakipo.

Kwako rafiki unayefanya kazi na mashirika, nina neno moja, na si la kulaumu. Ukiingia kwetu ukaona ua ukutani, usilisome kama risiti ya benki. Uliza sufuria. Uliza jana usiku tulikula nini. Halafu, ukipata nafasi, uliza na ua pia, nani alilishona. Utaambiwa mengi kuliko fomu yako inavyotaka.

Kwako jirani yangu, nami sikulaumu. Uliogopa kwa ajili yangu, na hofu yako ina sababu. Hujawahi kuelezwa vizuri wanaangalia nini wanapoingia ndani. Lakini angalia watoto. Mdogo wangu aliniona nikikunja zile herufi zake. Aliuliza, "Kwani tumefanya kosa?" Mimi ninayewafundisha vijana wa watu wengine kila Jumamosi sikuwa na jibu la kumpa kijana wa nyumbani kwetu. Tukiwazoesha kuficha kila kizuri mtu mwenye kalamu akija, watakua wakijua kwamba uzuri ni mali ya wizi. Hilo hata chakula kikirudi chote halitatoka haraka.

Kundi letu halikubadilika. Bado tuko katikati. Kama kitambaa kingebaki ukutani lingebadilika au lisingebadilika, hakuna anayeweza kuniambia. Kwa hiyo siwezi kusema nilipata faida, wala siwezi kusema nilipoteza bure. Nimebaki na tendo lenyewe.

Juzi nimekirudisha, kwenye matundu yale yale. Mkunjo mmoja umekataa kutoka, unapita katikati ya neno MGENI. Nikaahidi mbele ya mama na mdogo wangu kwamba wakija tena kuhesabu kitabaki pale, na wakiniuliza nitawajibu kilitoka wapi. Nakiri kwamba ahadi hiyo inaniogopesha. Ni rahisi kuwa jasiri kwenye karatasi, na tumbo si langu peke yangu.

Kwa yule kijana wa Jumamosi: ni kweli, ua la uzi haliliwi. Hata salamu hailiwi, hata jina lako haliliwi, na bado usingekubali kuvificha ili upewe unga. Tuuendeleze mjadala. Safari hii sitaongoza, nitachagua upande.

Limebaki jambo moja. Mama mdogo alipiga simu mwezi uliopita akauliza, "Kitambaa kiko? Wageni wanakisifu?" Nikamjibu kiko, wanakisifu. Kilikuwa chini ya kitanda. Uongo wangu wa mdomo ulikuwa huo hapo, na nilimpa yeye aliyetuletea uzi. Maandishi haya nitamsomea kwenye simu, yote, mpaka mstari huu.